Kuweka dakika kumi, kutoa miezi mitano

Fundi wa nguo za kike hushika mikono ya watu kutwa nzima. Futi yangu huzunguka mkono wa mteja juu ya kiwiko, karibu na kwapa, maana blauzi ikibana hapo mwenyewe hataweza hata kuinua mkono afunge kilemba. Kwa hiyo vidole vyangu hukutana na jambo ambalo mara nyingi hata mawifi wa mteja hawalijui. Chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono, nakuta kitu kigumu chembamba kama njiti ya kiberiti. Wengine wana viwili, vimetanuka kama herufi V. Mteja hunitazama usoni. Namwuliza kwa sauti ya chini, "Cha miaka mitatu au cha mitano?" Basi hapo kipimo husimama kwanza, na maneno huanza kutoka.

Mimi nilikaa na kijiti, hiki cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, miezi kumi. Kovu lake bado lipo mkono wa kushoto, dogo kama punje ya mchele wa Bahi. Nayaandika haya kwa ajili ya wanaoniuliza kibandani, ambao huwa siwezi kuwajibu yote huku mashine inanisubiri na kuna watu wengine wamekaa kwenye benchi.

Kwetu ni Kolo, Kondoa. Niliolewa nikaja Dodoma mjini, tukapanga Chang'ombe, na kibanda changu cha kushona kiko Majengo, si mbali na soko. Mume wangu ni fundi mwashi. Serikali ilipohamia huku na majengo ya Mtumba yakaanza kupanda, alipata kazi za mfululizo. Mama yangu alizaa watoto tisa, tukabaki saba. Bibi alikuwa amemfunga kamba yenye vifundo kiunoni ili apumzike kuzaa, na mama aliivaa kwa imani yote, lakini kila mtoto alipoanza kutambaa mimba nyingine ilikuwa imeshaingia. Nimekua nikimwona mama anapika kwa mkono mmoja, mwingine umebeba mtoto. Nilipojifungua wa tatu, Mei 2022, nilikuwa nimeshaamua moyoni. Sikuhitaji kushawishiwa na mtu.

Mwezi Agosti gari la matangazo likapita mtaani: huduma ya uzazi wa mpango, bure, Jumamosi, kwenye zahanati. Ilikuwa ile wanayoiita huduma mkoba, wataalamu wanatoka kwingine, wanakaa siku moja au mbili, wanaondoka. Nikamwambia mume wangu. Akasema "sawa" huku macho yake yako kwenye mpira. Jumamosi nikambeba mtoto nikaenda. Hema lilikuwa limefungwa chini ya mwarobaini, nyota ya kijani kwenye bango, na kina mama labda arobaini kwenye foleni. Maelezo tulipewa kwa pamoja, tumesimama: vidonge hivi, sindano hii, vijiti hivi, kitanzi hiki, na kufunga kabisa. Watoto walikuwa wanalia, spika inakoroma. Kuhusu kijiti nakumbuka sentensi moja tu: "Hiki hakina shida mama zangu, unaweka, unasahau."

Neno "unasahau" lilinikaa. Nani asingelipenda.

Aliyeniweka alikuwa muuguzi kijana mwenye mkono mwepesi. Kwanza nilipimwa mkojo kuhakikisha sina mimba. Nikalala, mkono wa kushoto juu ya mto, maana natumia wa kulia. Sindano ya ganzi iliuma kama siafu, baada ya hapo sikusikia kitu zaidi ya kusukumwasukumwa. Plasta, bandeji, nisiloweshe mkono, nisibebe kitu kizito siku chache, na kadi yenye tarehe ya kutoa: Agosti 2025. Dakika kumi hazikufika. Nilimshukuru, na hata leo sina kinyongo naye, kazi ya mikono aliifanya vizuri. Kilichokosekana ni maneno. Hakuna aliyeniambia kwamba kijiti hubadilisha damu ya mwanamke: wengine hukata kabisa, wengine huja matonetone, wengine hutoka siku nyingi mfululizo, na kwamba hakuna anayeweza kujua mapema wewe utaangukia wapi. Kama ningeambiwa hivyo, pengine bado ningekiweka. Lakini ningekuwa nimejua.

Miezi miwili ya kwanza ilipita kimya. Mwezi Oktoba nikaona matone. Wiki moja, mbili. Yakakata siku tatu, yakarudi. Kufikia Desemba nilikuwa sijui tena siku zangu zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Haikuwa damu nyingi ya kutisha, ya kumkimbiza mtu hospitali. Ilikuwa ndogo isiyoisha, kama bomba lenye washa mbovu.

Sasa weka jambo hilo Dodoma. Maji ya mgao, mtaani kwetu yalikuwa yanatoka siku mbili kwa wiki, zilizobaki unanunua madumu ya mkokoteni. Maji ya kupikia, maji ya nepi za mtoto, na sasa maji ya vitambaa vyangu. Pakiti ya pedi ilikuwa shilingi 2,000 na mwanzoni nilikuwa namaliza mbili kwa wiki. Nikaona siwezi, nikarudia vitambaa vya kanga kuukuu. Nilikuwa nafua usiku watu wamelala, naanika ndani nyuma ya pazia, na vumbi letu la hapa lilivyo, kitambaa kikikauka ni kigumu kama gamba. Mwaka 2018 serikali iliwahi kufuta kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka uliofuata kodi ikarudi kwa hoja kwamba madukani bei haikushuka. Kila nilipokuwa nahesabu hela ya pedi nililikumbuka hilo, na bado linaniuma. Mwanamke anayetoka damu siku ishirini na tano kwa mwezi, kodi hiyo anailipa peke yake.

Februari 2023 alikuja mama mmoja na satini nyeupe, gauni la kipaimara la binti yake. Nilishona siku mbili. Jioni ya pili nilikuwa natia pindo, mkia wa gauni umelala mapajani na kipande chake kimepita chini yangu kwenye kigoda bila mimi kuona. Nilipoinuka kuwasha taa ndipo nikaona. Doa la duara, saizi ya sarafu ya hamsini, jekundu pembeni na jeusi katikati. Sisi mafundi damu ya kidole tumeizoea, ukijichoma sindano unalowesha uzi kwa mate yako mwenyewe unasugua, inatoka. Hii haikutoka. Nilitia maji baridi, chumvi, sabuni ya kipande, nikasugua mpaka satini ikachanika nyuzi, na pale katikati pakabaki rangi ya chai. Nilikaa chini sakafuni na lile gauni nikalia kwa sauti. Kesho yake nikaenda dukani kununua mita tatu nyingine kwa hela ya ada ya mtoto. Mwenye gauni hakujua.

Nyumbani nako. Mume wangu si mtu mbaya na sitaki asomwe hivyo. Ila aliishi na mke ambaye kila usiku jibu ni lilelile. Akaanza kulala amegeukia ukutani. Siku moja akaniambia, "Kwani ulipoweka hicho kitu uliniuliza?" Nilikuwa nimemwuliza. Nikanyamaza, maana ningelijibu ningelijibu vibaya. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Kondoa nilimwogopa kuliko wote, nikidhani atasema mwanawe kaoa mgonjwa. Mama yule alinitazama macho, akavuta kope ya chini kwa kidole gumba, akasema, "Mwanangu, wewe huna damu." Wiki nzima alinichemshia rozela na kunipikia matembele kwa karanga. Alichokosea ni kimoja: aliniapisha kwamba uzazi wa mpango wote ni sumu nisiuguse tena. Katika hilo sikumfuata, lakini wema wake siusahau.

Kilichoniumiza zaidi ya gauni na zaidi ya ukuta wa mume wangu ni sala. Kwa wasiojua dini yetu, mwanamke akiwa kwenye hedhi haswali wala hafungi. Mimi nilihesabu kila tone kuwa hedhi. Kwa hiyo miezi mitatu sikuweka paji la uso chini. Adhana ya alfajiri inaita, nimelala macho wazi, najiona kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake. Na Ramadhani ilikuwa inakuja, mwaka huo iliangukia mwishoni mwa Machi.

Nilijikaza nikamwuliza mwalimu wetu wa darsa la wanawake. Nilimsubiri wenzangu wametoka, nikamweleza nikiwa nimeangalia mkeka. Akanishika goti. Akaniambia hedhi ina mwisho wake, kwa madhehebu yetu ya Shafii haizidi siku kumi na tano, na damu ikivuka hapo yale yaliyozidi si hedhi, inaitwa istihadha, na mwanamke wa istihadha anaswali na anafunga kama kawaida. "Wewe zamani siku zako zilikuwa ngapi?" Nne. "Basi kila mwezi hesabu nne zako hizo, ukimaliza oga. Damu ikiendelea, jisafishe, jifunge vizuri, wakati wa sala ukiingia tawadha, swali. Kila sala na udhu wake." Akanisimulia kwamba Fatima binti Abi Hubaysh alimwendea Mtume na shida hii hii, kwamba hatwahiriki, je, aache sala? Akaambiwa hapana, huo ni mshipa tu, si hedhi. Miaka elfu moja na mia nne mwanamke mwenzangu ameshauliza, na ameshajibiwa, mimi nimekaa kimya miezi mitatu kwa aibu.

Nilifunga Ramadhani ile. Nilichoka sana, lakini nilifunga. Na tangu hapo kila mteja Mwislamu mwenye kijiti nikisikia anatoka matone, hilo ndilo namwambia kwanza, kabla hata ya habari za hospitali, kisha namwelekeza kwa mwalimu amsikie mwenyewe.

Sasa habari ya kutoa.

Mara ya kwanza nilikwenda Januari. Aliyenipokea hakuinua macho kwenye daftari. "Mwili unazoea, mama. Wengine miezi sita, wengine mwaka." Hakunipima chochote. Nilipofika nyumbani nikajiambia labda kweli, na kusema haki si uongo: kwa wanawake wengi damu hutulia kadiri miezi inavyokwenda. Ila kuzoea nako kuna dawa za kumsaidia mtu njiani, na hilo sikuambiwa.

Mara ya pili ni baada ya lile gauni. Nilisema wazi, nataka kutoa. Nikajibiwa, "Bado miaka miwili na nusu. Hiki kitu ni gharama, wewe umepewa bure unataka kutupa?" Kisha, "Mumeo anajua? Njoo naye." Mume wangu alikuwa Mtumba juu ya ukuta na mwiko mkononi. Nilisimama pale kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mkono wangu, damu yangu, na nimeambiwa nimlete mwenye navyo.

Mara ya tatu, Aprili baada ya Idi, nilibadilisha nikaenda zahanati nyingine. Hawa walikuwa na lugha nzuri, shida yao ilikuwa nyingine: aliyefundishwa kutoa yuko likizo na vifaa havijakamilika. Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa ule utaratibu wa hema. Wanaoweka wanakuja na gari, wanaweka watu mamia, wanaondoka na ujuzi wao. Kijiti kinabaki mtaani na sisi. Kuweka ni kusukuma, kutoa ni kutafuta na kuchana, kunahitaji mkono uliozoea. Mtu akipanga siku ya kuweka bila kupanga siku za kutoa, amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki anaibeba mwanamke.

Kuna mwenye duka la dawa alisikia nalalamika akaniambia kwa elfu ishirini angenitolea jioni, nyuma ya duka, "ni kuchana kidogo tu." Kwenye kaunta palikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Nilifikiria. Nasema ukweli, nilifikiria kwa dakika nzima. Kilichonizuia ni kwamba ule mkono ndio unaoongoza kitambaa kwenye cherehani, na upande ule ule wa ndani ndiko mishipa ya damu na ya fahamu inakopita. Nikachukua mkoba nikaondoka. Wakati nauvuka mtaa nilikuwa natetemeka.

Juni, msimu wetu wa upepo wa baridi, nikaanguka. Nilikuwa nainuka tu kwenye kigoda, giza likanijia. Majirani wakanipakia bajaji, mume wangu akaitwa, na safari hii tukaenda wote kituo cha afya ambacho sikuwahi kufika. Tukapokewa na mkunga mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniambia kaa, nieleze tangu mwanzo. Tangu mwanzo! Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Alipima wingi wa damu, ilikuwa 8.9, na mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Akapima mimba, akanikagua, akapaka siki kwenye mlango wa kizazi kuangalia dalili za saratani, kwa sababu alisema damu isiyokata usiiwekee jina la kijiti kabla hujatazama mengine. Kulikuwa salama. Ndipo akatueleza, mimi na mume wangu, jinsi kile kitu kinavyofanya kazi. Kijiti changu kilikuwa kimoja, chenye homoni ya etonojestreli, miligramu 68, inayotoka kidogokidogo kila siku kwa miaka 3. Vile viwili vya miaka 5 vina homoni nyingine, levonojestreli. Vyote huzuia yai lisipevuke na huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito mbegu zisipenye. Katika wanawake mia wanaotumia kwa mwaka, hafiki hata mmoja anayepata mimba. Ila homoni hiyo hiyo huufanya utando wa ndani ya mfuko wa uzazi kuwa mwembamba na dhaifu, kwa wengine unatulia kabisa na kwa wengine unavuja.

"Ungekuja mapema ningekupa aibuprofeni siku tano tuone," alisema. "Wengine inakata. Hata sasa tunaweza kujaribu ubaki nacho. Au tunatoa leo. Wewe unasemaje?" Mume wangu akafungua mdomo. Mkunga akainua kiganja kwa upole, "Baba, subiri. Nimemwuliza mama."

Nikasema, toa.

"Haya, panda kitandani."

Alipapasa mpaka akapata ncha zote mbili, akaweka alama kwa kalamu. Ganzi akaichoma chini ya ncha ya upande wa kiwiko. Kisha akabonyeza ncha ya juu, upande wa kwapa, na nikaona ngozi ikiinuka chini kama sindano inapotaka kutokeza upande wa pili wa kitambaa. Alichana kidogo sana, hata milimita tatu hazikufika. Palikuwa na kitu cheupe kama utando wa yai. Akaukwangua taratibu kwa ncha ya kisu, na kijiti kikatoa kichwa. Akakishika kwa koleo, akavuta. Kililala kwenye shashi, cheupe, kinapinda kidogo, hakina hata tone la damu juu yake. "Lazima nihakikishe kimetoka chote," alisema, anatafuta rula. Nikamwambia futi yangu imo kwenye mkoba. Mume wangu ndiye aliyeitoa, akainyosha pale juu ya meza kwa vidole vyake vya saruji. Sentimita 4 kamili.

Siku ya tisa damu ilikata. Nilikwenda chooni usiku na kibatari, nikaangalia kitambaa, kikavu. Nikakaa nacho mkononi muda mrefu.

Mkunga alinipa fefo, vidonge vya kuongeza damu, za miezi mitatu na kuniambia kitu ambacho wengi hawakiamini: kijiti kikitoka uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, ndani ya wiki chache, tofauti na sindano ambayo huweza kuuchelewesha miezi. Kwa hiyo tulitumia kondomu kuanzia wiki ileile. Kitanzi cha shaba nilikitaka siku hiyohiyo kwa sababu hakina homoni, akanizuia. Alisema kitanzi huweza kuzidisha hedhi, na mimi sina damu ya kuchezea; nirudi ikipanda. Novemba ilisoma 12.2, nikarudi, nikawekewa. Hedhi yangu sasa ni siku tano badala ya nne, na nazihesabu kwa furaha.

Lakini nikikaa kibandani nikasema kijiti ni kibaya, nitakuwa nimewadanganya wengine. Shoga yangu mwalimu anayeishi Nzuguni yuko kwenye kijiti cha pili sasa hivi, na kwa miaka miwili hajaona siku zake hata mara moja. Alinijia analia, wenzake shuleni walimwambia damu inajikusanya tumboni itafanya uvimbe. Nilimweleza nilivyoelezwa: utando umekuwa mwembamba, hakuna kilichojengeka cha kumwagika, basi hakuna kilichojikusanya. Leo anasema hayo ndiyo mapumziko aliyoyaota tangu avunje ungo. Kijiti kilekile, homoni ileile, mimi na yeye.

Na yuko mama muuza mihogo, vibanda viwili kutoka kwangu. Ana kifafa, anameza fenobabitali tangu msichana. Aliwekewa kijiti, mwaka wa pili akashika mimba. Watu walisema vijiti vya bure ni feki, wengine wakasema maneno mabaya zaidi juu ya mwanamke mwenyewe. Mkunga wangu nilipomsimulia alitikisa kichwa. Dawa hizo za kifafa hulifanya ini livunje homoni haraka kuliko kijiti kinavyoitoa, na ndivyo ilivyo pia kwa rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI. Kitanzi cha shaba au sindano ya miezi mitatu vingemfaa. Swali moja tu lilihitajika pale foleni: "Mama, kuna dawa unatumia?" Mtoto amezaliwa mzima, ana mashavu, wote Majengo tunambeba. Ila yule mama amebeba maneno ya watu miezi tisa kwa swali ambalo halikuulizwa.

Wapo pia wanaoniomba mikono mirefu wakati wa joto la Oktoba. Sihoji. Nashona mikono mirefu.

Mwezi uliopita alikuja binti, mtoto wake wa kwanza ana miezi mitano, kuchukua vipimo vya gauni la harusi ya wifi yake. Mkono wake ulikuwa mtupu. Aliponiona nimepapasa akatabasamu, "Kesho naenda kuweka, fundi." Nikamwuliza anajua nini. Anajua ni bure na ni miaka mitatu. Nikaacha futi, nikamwonyesha kovu langu, tukazungumza mpaka chai ikapoa. Wala sikumwambia asiweke. Nilimwambia akaulize damu yake itakuwaje na ikimsumbua aende kwa nani, ataje dawa zake zote, aulize kama hapo hapo wapo wa kutoa siku akitaka kabla ya tarehe, na kila mwezi akipapase akione kipo. Siku asipokisikia atumie kondomu na arudi akapigwe picha.

Juzi alirudi kuchukua gauni. Kibandiko bado kiko mkononi, ikabidi nilegeze mshono wa kwapa nusu inchi. Nikamwuliza ilikuwaje. Akasema, "Nilipouliza la kwanza muuguzi aliangalia saa. La pili akaniuliza nani kanituma. La tatu, akavuta kiti, akakaa."